Mnunuzi na Majina Yake: Maneno ya Kununua katika Kiswahili, kutoka Pwani hadi Ilemba



Mihadhara ya namna hii imezoea kushughulikia mambo makubwa: usanifishaji, sera ya lugha, bahari za ushairi. Mimi leo nimechagua tendo moja ambalo kila mmoja wetu amelifanya kabla ya kuingia ukumbini humu, nalo ni kununua. Nataka tuyatazame maneno ambayo Kiswahili kimelipa tendo hilo na mtu anayelitenda: ya zamani, ya lahaja, na yale ya mitaani ambayo baadhi yetu tunayatumia nje ya darasa na kuyakana ndani yake.

Nimeichagua Ilemba iwe mahali pa kusimamia. Ilemba ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa. Ni mbali na Unguja, Lamu na Mombasa, ambako kamusi zetu za mwanzo zilikusanyiwa maneno. Ni mahali pa mahindi, mpunga na ufuta, ambako mwenye mali huingoja bei iletwe na mtu kutoka kwingine. Swali langu la leo ni jepesi kuliuliza: mnunuzi ni nani?

Kamusi itatujibu kwamba mnunuzi ni mtu anayenunua. Jibu hilo ni sahihi na halitusaidii. Mkulima wa bondeni hununua sukari, chumvi, sabuni, kanga, mbolea na vocha ya simu mwaka mzima, wala hakuna anayemwita mnunuzi. Lakini ikisemwa wakati wa mavuno kwamba wanunuzi wamefika, hakuna anayeuliza wananunua nini. Ni watu wenye lori, magunia matupu na fedha taslimu. Neno ambalo kwa umbo lake linamfaa kila mtu, kwa matumizi limewekewa wachache. Yule anayenunua dukani ni mteja, au hana jina. Tofauti hiyo haitokani na sarufi, na ndiyo ninayotaka kuifuatilia.

Mzazi aliyetoweka

Tuanze na isimu historia, kwa kuwa hapa Kiswahili kina kisa chake cha pekee. Lugha nyingi za Kibantu zina mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kununua, ambao kwa hati zetu naweza kuuandika -gul-. Mganda husema kugula, Msukuma kugula, Mgiriama kugula, Mnyanja kugula. Mkikuyu, Mrundi na Mnyarwanda wana -gura. Mnyakyusa, jirani wa mbali kidogo wa Mfipa, ameiangusha g na kusema -ula. Kiswahili sanifu, kwa upande wake, kina kununua, neno ambalo halimo katika ukoo huo.

Je, Kiswahili hakikurithi mzizi huo? Kiliurithi, lakini kwa mlango wa nyuma. Tukichukua -gul- na kuiangusha g, kama ilivyoanguka katika -enda, ambayo kwingine ni -genda, tunapata -ula. Tukiitia -ula katika kauli ya kutendesha ya kale, ile inayotupa -laza kutokana na -lala na -jaza kutokana na -jaa, tunapata -uza. Kuuza, basi, kwa asili yake ni kumfanya mtu anunue. Mtoto amebaki nyumbani, mzazi ametoweka, na mahali pake amekaa mgeni aitwaye -nunua.

Baada ya hapo mzazi amerudi kwa jina la mahali. Soko la kijijini linalofanyika siku maalumu za juma Watanzania wengi huliita gulio, na kwa umbo lake neno hilo haliwezi kueleweka ila kwa -gula: mahali pa kununulia. Kiswahili kimelipokea kutoka kwa majirani likiwa na g yake kamili. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma walipohamia kwa wingi katika bonde la Rukwa miongo ya karibuni, walikuja na kugula yao hai mdomoni. Hivyo mtu anaweza kusimama kwenye gulio, akasikia kugula kwa kulia kwake na kununua kwa kushoto kwake, wala asijue kwamba neno la tatu, lile kuuza la muuzaji aliye mbele yake, ni ndugu wa lile la kulia.

Ukivuka Ziwa Tanganyika mambo yanabadilika zaidi. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, cha Lubumbashi na cha Kivu, kuuza kuna maana ya kununua, na anayetoa mali ili apate fedha husemwa anauzisha. Msomaji wa Dar es Salaam huona hilo kuwa ni kichekesho au kosa. Si kosa. Kirundi kina kugura na kugurisha. Kibemba, kinachosemwa kusini ya Ufipa na hadi Katanga, kina -shita kwa kununua na -shitisha kwa kuuza. Kinyanja kina gula na gulitsa. Kwa wasemaji wa lugha za namna hiyo, neno la msingi ni la kununua na la kuuza ni mnyambuliko wake. Walipokipokea Kiswahili walikipanga kwa mpango waliouzoea: kuuza, kuuzisha. Wamelitenda tena, kwa kiambishi kipya, lile lile ambalo Kibantu cha kale kilikuwa kimelitenda kwa -gul-.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mahindi na mchele wa Rukwa huvuka ziwa, na bandari ya Kasanga hutazamana na Kongo na Zambia kwa pamoja. Mfanyabiashara kutoka upande wa pili akisema, “Nataka kuuza mahindi gunia hamsini,” na msikilizaji wake akijibu kwamba yeye mwenyewe anayo ya kutosha, biashara imekufa kabla bei haijatajwa. Na ikiwa sentensi hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya makubaliano, swali la nani anamdai nani linaning'inia kwenye kitenzi kimoja. Kamusi zetu za lugha sanifu zimeinyamazia maana hii, ingawa inatumiwa na mamilioni ya watu wanaojiita, kwa haki, wasemaji wa Kiswahili.

Maneno yaliyokuja na jahazi

Pwani ilipokea kutoka Kiarabu karibu msamiati wote wa soko, pamoja na neno soko lenyewe. Bei kwa Kiarabu ni tendo la kuuza, kwetu ni thamani inayotajwa. Biashara huelezwa kuwa ni maneno mawili yaliyoshikamana, la kuuza na la kununua, kiasi kwamba kila tunapolitamka tunawataja wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Dalali na mnada ni wa huko huko.

Kulikuwa pia na mshitiri, yaani mnunuzi, ambaye kamusi za zamani zinamtaja na ambaye leo ni msomaji wa tungo za kale tu anayekutana naye. Neno hilo kwa Kiarabu ndilo pia jina la sayari kubwa kuliko zote, na wanajimu wa Kiswahili wameihifadhi kwa jina la Mshtarii. Mnunuzi amekufa duniani akabaki angani.

Linalonivutia zaidi ni zabuni. Kwa Kiarabu zabuni ni mteja, mtu anayekuja kununua. Pwani likawa kitenzi, kuzabuni: kutaja bei mnadani ili ununue. Leo serikali hutangaza zabuni, na mzabuni ni yule anayetaka kuiuzia serikali saruji, madawati au dawa. Neno limegeuka nyuzi mia na themanini. Mteja wa Kiarabu amekuwa mchuuzi wa serikali. Basi wale wanaowacheka Wakongo kwa kuuza yao nawaomba watazame kwanza zabuni yetu. (Kuhusu kama tuseme ununuzi wa umma au manunuzi ya umma, wino mwingi umekwisha kumwagika, sheria zetu zimechagua ununuzi, nami naona zimechagua vema, maana manunuzi hufaa zaidi kwa vitu vilivyonunuliwa.)

Nalo neno arbuni, au rubuni, lilikuwa fedha ya kutanguliza: mnunuzi hutoa sehemu ya bei ili mali isiuzwe kwa mwingine. Lilikuwa neno la heshima, la kuaminiana. Kutokana nalo tukapata kurubuni, ambako leo maana yake ni kumshawishi mtu kwa hila au kumhonga. Nitalirudia neno hili, kwa sababu naona historia nzima ya mkulima wa Tanzania imo katika njia ile, kutoka arbuni hadi kurubuniwa.

Kununua na kukomboa

Katika karne ya 19 bara lilinunua na kununuliwa kwa nguo. Merikani, kitambaa kilichopata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani, kaniki, shuka ya mikono minne, doti ya shuka mbili, na jora lililobebwa mabegani: hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vya thamani katika njia za misafara. Wafipa, ambao wakati huo walijulikana kwa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo na kwa kufuma nguo zao wenyewe za pamba, walikutana na soko ambalo nguo yake ilitoka ng'ambo ya bahari. Na miongoni mwa vilivyonunuliwa kwa nguo hizo walikuwamo watu.

Hapa lugha ina jambo ambalo hatuwezi kulipita. Mtumwa mpya, aliyetoka kununuliwa na asiyejua bado lugha wala desturi za pwani, aliitwa mjinga. Leo tunalirusha neno hilo kwa mtoto aliyeshindwa hesabu. Aliyezaliwa katika utumwa aliitwa mzalia, na mzalia alijiona bora kuliko mjinga. Aliyenunuliwa hakuwa na neno la kulisema tendo lile kwa upande wake, ila kauli ya kutendwa.

Mwaka 1885 mapadri wa Shirika la White Fathers walichukua kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipokuwa pamoja na Ufipa katika Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Walitoa mali ili kuwapata watoto waliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Kwa macho ya muuzaji tendo lilikuwa ni lile lile: mali imetolewa, mtu amepokewa. Kwa Kiswahili, hata hivyo, tendo hilo halikuitwa kununua. Liliitwa kukomboa, neno lililokuwa la rehani na la mateka kabla ya kuwa la dini.

Adrien Atiman, daktari wa Karema, alikuwa na maneno yote mawili katika maisha yake. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, kisha akakombolewa na mapadri hao huko Afrika ya Kaskazini. Alisomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mara ya kwanza alinunuliwa na mara ya pili alikombolewa. Anayedhani kwamba uchaguzi wa kitenzi ni pambo la mwandishi na apime tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili.

Kukomboa kuna pacha wake, kugomboa. Tofauti ilikuwa ya matamshi tu, lakini matumizi yamewagawia kazi: watu na nchi hukombolewa, makontena bandarini hugombolewa. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu nawashauri watazame jozi za namna hii.

Mnunuzi mmoja, kisha wengi

Kwa miaka kadhaa baada ya Azimio la Arusha, mnunuzi wa nafaka hakuwa mtu. Alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, lililoundwa mwaka 1968, na baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976 shirika hilo lilinunua hadi vijijini. Bei ilikuwa moja nchi nzima. Kwa Rukwa, iliyo mbali na kila soko kubwa, mpango huo ulikuwa na faida ambayo mikoa ya karibu na Dar es Salaam haikuiona: gharama za usafiri hazikumwangukia mkulima. Rukwa ikawa mojawapo ya mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Yeyote aliyenunua nje ya mfumo huo alikuwa mlanguzi. Kulangua, kununua ili kuuza kwa bei ya kupindukia, kulikuwa ni lawama ya kimaadili. Mwaka 1983, wakati wa kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, kukawa pia tuhuma ya kisheria pamoja na uhujumu uchumi. Watu waliitupa sabuni na sukari usiku wasikutwe nazo. Miaka michache baadaye biashara ya nafaka ilifunguliwa, na mtu yule yule aliyefanya kazi ile ile, akinunua Rukwa na kuuza mjini, akaitwa mfanyabiashara, kisha mdau, na katika hotuba za karibuni mwekezaji. Sijui neno jingine la Kiswahili ambalo mrejelewa wake amepandishwa cheo haraka kiasi hicho bila yeye mwenyewe kubadili tabia.

Pamoja na soko huria yakaja maneno ya shambani, na hapa ndipo penye uzito wa mhadhara huu. Kagera wana butura: kahawa inanunuliwa ingali mtini, pengine ingali maua. Mtwara na Lindi wana kangomba: korosho inanunuliwa kwa fedha taslimu, kwa bei ya chini, nje ya utaratibu wa ushirika. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, neno kangomba lilitoka vijijini likaingia katika taarifa za habari za taifa zima. Na nchi nzima, Ilemba ikiwamo, kuna lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba juu yake na kushonwa kwa kamba. Bei ni ya gunia moja, uzito ni wa gunia na sehemu ya la pili.

Tuyachunguze maneno haya kisemantiki. Butura, kwa mpango wake, si ununuzi, ni mkopo. Mwenye fedha anampa mkulima wakati wa njaa au wa ada ya shule, na mkulima anarudisha kwa mazao yenye thamani mara mbili au tatu. Lakini kwa kuwa tendo limeitwa kununua, hakuna anayeuliza riba ni kiasi gani. Mkopo una riba, na riba ina sheria na aibu yake. Ununuzi una bei tu, na bei ni makubaliano. Katika bonde la Rukwa, mkulima anayesema, “Mpunga wangu nimeshauza,” huku mpunga ukiwa haujachanua, amekwisha kukubali maelezo ya yule aliyempa fedha. Angesema, “Nimekopa laki mbili nitalipa magunia kumi,” angelazimika kupiga hesabu. Kwa hiyo kitenzi kinamgharimu magunia. Hii ndiyo arbuni ya pwani iliyofika shambani, na Kiswahili, kwa akili yake, kilikuwa kimeshaligeuza neno hilo kuwa kurubuni.

Wapo wanaosema kwamba wanaisimu hatuna kazi katika mambo haya, kwamba ni ya wachumi na maafisa ushirika. Mimi siafiki. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 imemletea mkulima msamiati mzima: stakabadhi, mnada, malipo ya awali, malipo ya pili. Maneno hayo yametungwa ofisini. Ni nani aliyemfafanulia mkulima tofauti ya kuuza na kuweka ghalani? Anayesikia kwamba mali yake imepokewa, ilhali haijauzwa, ana haki ya kutatizwa.

Mitaani

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa maneno ya mitaani huchakaa kabla mhadhara haujapigwa chapa. Kijana wa mjini hanunui gari, bali huvuta. Hanunui soda, bali hukuambia umchukulie moja. Simu yake haiuzi, bali huipiga bei. Tusidhani ni uhuni mpya. Warumi walikuwa na emere, kununua, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ni kuchukua tu, na acheter ya Wafaransa inatokana na neno la kukamata. Kiingereza cha kale kilimwita mchuuzi chapman, na cheap, ambayo leo ni rahisi, ilikuwa ndiyo biashara yenyewe. Barabara ya Cheapside huko London ilikuwa ni barabara ya soko. Binadamu akinunua, kwa lugha nyingi, amenyoosha mkono.

Aliyenunua kwa bei ya kuruka huambiwa amepigwa. Anayempeleka Kariakoo duka kwa duka ili apate chochote kwa mwenye duka ni winga, neno lililotoka kwenye mpira wa miguu. Nalo mteja, ambalo kwanza lilikuwa ni mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga, limekwenda njia mbili. Kampuni za simu zimemfanya mteja kuwa mtu asiyepatikana. Vijana wamelikata kiambishi chake na kupata teja, mtumiaji wa dawa za kulevya: mnunuzi ambaye hana tena hiari ya kutonunua. Uliokuwa uangalizi wa mganga umeishia kuwa utumwa kwa muuzaji, na lugha imelitambua hilo bila kusaidiwa na taasisi yoyote.

Kazi iliyo mbele yetu

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, ikarudiwa mwaka 2004 na 2013. Kila toleo limekuwa pana kuliko lililotangulia. Ninaloliomba kwa wahariri wajao ni mambo machache. Kuuza kwa maana ya kununua kuingizwe, na eneo lake litajwe, bila alama ya kosa. Butura na kangomba yafafanuliwe kwa muundo wa tendo lenyewe, yaani nani anatoa nini, lini, na nani anabeba hatari, badala ya kuelezwa tu kuwa ni biashara haramu. Mlanguzi apewe miaka yake, kwa maana bila historia yake neno hilo halieleweki na mwanafunzi aliyezaliwa baada ya 1990.

Aidha, wanafunzi wetu wakienda nyanjani waende pia Ilemba, Mtowisa, Muze na Kasanga, wakati wa mavuno, si likizo ya kiangazi tu wakati magunia yamekwisha kuondoka. Wasikilize mapatano yanavyofanyika, kisha wamwulize mwenye mali swali hili moja, na waandike jibu lake kama lilivyo: “Baba, fedha uliyopewa mwezi wa kwanza, unaiitaje?”